Sopwith Camel: kuwasha, kupaa na kutua ukiwa hai

Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Uingereza, iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mwaka 1917 na kuua wanafunzi wengi wa urubani kabla hawajamwona adui. Mara nyingi chanzo kilikuwa wenzo mmoja mdogo wa petroli. Katika injini yake ya Clerget, silinda 9 na nguvu farasi 130, mhimili umefungwa kwenye ndege. Silinda ndizo zinazozunguka pamoja na propela.

Weka kabari magurudumuni, maana breki hakuna. Swichi ikiwa imezimwa, piga pampu ya mkono mpaka tangi lipate presha. Fundi adondoshee kila silinda petroli kidogo kupitia vali ya moshi, kisha azungushe propela taratibu. Sasa washa swichi. Fundi avute propela kwa nguvu na kurudi nyuma upesi. Tazama kikombe cha kioo cha mafuta ya nyonyo: mafuta yakipwita kama mshipa, injini inalainishwa. Yakitulia, zima papo hapo. Mafuta hayo hutupwa nje yakishatumika na kuchafua miwani, kwa hiyo beba kitambaa.

Hewa na petroli zina nyenzo mbili tofauti, na kuzipatanisha ni kazi ya sikio. Ukishapaa tu, petroli huanza kuzidi hewa. Punguza kidogo kidogo, mkono usibanduke kwenye wenzo. Ukichelewa, injini inafurika, inakohoa, inanyamaza. Inamisha pua kwanza ulinde kasi, funga petroli kabisa, subiri sekunde chache injini ijisafishe, kisha fungua polepole. Usigeuze kurudi uwanjani! Kasi ikiisha kwenye kona, bawa moja linaanguka na ndege inazunguka kama pia, nawe uko chini mno kuinusuru. Tua mbele, hata kama shamba litavunja magurudumu. Marubani wa Uingereza hawakupewa parashuti.

Ukikata kona kulia, pua inashuka, kushoto, inapanda. Zote mbili zinadai mguu wa kushoto kwenye usukani wa mkia.

Wakati wa kutua, kitufe kilicho kwenye mpini wa kuongozea ndege hukata umeme wa plagi. Kibonyeze na kukiachia kwa vipindi vifupi. Ukikishikilia huku petroli imefunguliwa, isiyoungua hujikusanya ndani ya kifuniko cha injini, na cheche zikirudi, moto unadaka mbao na kitambaa cha ndege nzima.