Jinsi ya kuisoma hali ya hewa ya Unguja mwaka mzima: anza na upepo

Watu wanaohamia huku kutoka bara swali lao la kwanza ni mwezi gani una joto na mwezi gani una baridi. Kwa kweli joto lenyewe halipandi na kushuka sana, maana bahari imetuzunguka na bahari inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa, kwa hiyo kati ya mwezi wa joto kali na mwezi wa baridi tofauti ni kama digrii 4 au 5 tu. Kinachobadilika ni upepo, ukiujua huo ushajua kama nguo zitakauka, boti itayumba au haitoyumba, na samaki watakuwepo sokoni au la.

Sasa unaujuaje? Simama nje asubuhi uelekee kibla. Kwa hapa Unguja kibla ni kaskazini karibu sawasawa, hivo msikiti wowote ndo dira yako. Upepo ukikupiga shavu la kulia hiyo ni kaskazi, ukikupiga bega la kulia kwa nyuma ni kusi. Ukiona unazungukazunguka tu, leo huku kesho kule, basi ni malelezi, misimu inabadilishana.

Kaskazi inashika Desemba mpaka Machi hivi, ndo kiangazi chetu. Mchana inafika 32 hata 33, na usiku ndo tabu zaidi maana hewa ina unyevu jasho halikauki. Ukitafuta nyumba ya kupanga angalia madirisha kwanza, yawe yanatazamana ili upepo uingie huku utokee kule, chumba cha dirisha moja linalotazama magharibi kiache hata kama bei nzuri. Na paa kagua wakati huu huu, makuti mabovu badilisha Januari au Februari usisubiri mawingu.

Maana masika ikija, katikati ya Machi mpaka Mei, haikupi nafasi. Aprili ndo yenyewe, inaweza kunyesha tangu usiku mpaka adhuhuri. Mwaka wangu wa kwanza nilifungia viatu vya ngozi kabatini, nikavitoa siku ya Idi vimeota ukungu wa kijani mpaka ndani kwenye soli, na chumvi jikoni imeloa imekuwa kama uji. Tangu hapo naweka vipande vya mkaa kwenye kabati, chumvi naitia kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza na punje chache za mchele, na jua likitoka hata nusu saa magodoro yote nje.

Juni mpaka Septemba ni kusi, kipupwe, raha ya kulala kwelikweli, alfajiri utatafuta shuka zito. Lakini bahari jamani msiidharau. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar, upepo mkali na mawimbi, watu wengi wakafa. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi soma tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, panda boti ya asubuhi kama ipo, na ukiambiwa safari imeahirishwa usigombane na mtu, tafuta pa kulala. Ngalawa nazo hazitoki kila siku, hivo samaki ukimpata wa bei nafuu nunua wa kukaanga wa siku mbili.

Vuli ni Oktoba mpaka Desemba, Novemba zaidi, mvua yake inapiga saa moja halafu jua kali na maembe yanaanza. Hii ndo inayowashika watu nguo kambani. Nilijifunza kwa mama mmoja wa Jambiani anayelima mwani, ameutandaza chini unakauka, mi naona mbingu nyeupe kabisa juu yetu, yeye anatazama kule baharini kwenye miamba mawimbi yanapovunjika. Maji ya nje ya mwamba yalipogeuka rangi ya risasi akaanza kukunja turubai, na hatujamaliza matone yakaanza. Basi na wewe ukianua nguo tazama upande upepo unakotoka, sio juu ya kichwa chako.