Moshi au daftari? Namna ya kupanga gesijoto za kiwanda kwa miaka mingi

Kila nikikaa na vijana wa mazingira hapa Kigoma, swali la kwanza huwa ni programu gani itumike. Excel inatosha, hata karatasi ya mraba inatosha. Kinachosumbua ni kingine: ukiona mstari wa gesijoto (gesi zinazoipasha dunia joto, kama hewa ukaa na methani) umepanda au umeshuka kwa miaka kumi na miwili, moshi ndio uliobadilika, au ni daftari? Hatua zifuatazo ni za kutenganisha hivyo viwili. Nitatumia kiwanda cha kubuni kinachokamua mawese na mise (kokwa za mchikichi) na kupika sabuni. Tarakimu zake nimezitunga ili hesabu ionekane, usizinukuu popote.

Hatua ya 1: Chora mpaka

Andika kwa sentensi moja nini kimo ndani ya hesabu: jenereta, boila, gari la kiwanda, umeme wa kununua. Ukishaandika, mpaka huo ubaki vilevile mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Gari likiuzwa na mizigo ikaanza kubebwa na Fuso ya kukodi, dizeli inatoweka kwenye vitabu vyako huku barabara ya Kasulu ikiendelea kuvuta moshi uleule.

Hatua ya 2: Kusanya kiasi, si fedha

Mhasibu atakupa shilingi, na bei ya dizeli haikai mahali pamoja. Wewe nenda stoo. Omba daftari la kutoa mafuta, lojibuku ya jenereta, risiti za LUKU, na daftari la kuni kama lipo. Mara nyingi la kuni halipo.

Hapa niliwahi kuumia. Kiwanda kimoja nilichokifanyia kazi kilionyesha dizeli ikishuka ghafla mwaka mmoja, nami nikaandika aya nzima ya kusifu ufanisi. Mzee wa stoo aliposoma akacheka. Kumbe zamani waliandika kwa pipa, kila pipa likihesabiwa lita 200 hata likija pungufu. Kisha wakanunua mita wakaanza kuandika lita halisi. Jenereta lilikuwa lilelile, na lilikunywa vilevile. Tangu siku hiyo huanza na swali hili kabla ya tarakimu yoyote: "Mzee, mlibadilisha lini namna ya kupima?"

Kuni ndiyo kazi. "Gari moja" si kipimo. Pima magari kumi kwenye mzani, chukua wastani, na uandike kama zilikuwa mbichi au kavu, kwa sababu kuni mbichi ni maji unayoyalipia.

Hatua ya 3: Geuza kiasi kuwa gesi

Kwa viwango vya kawaida vya mwaka 2006 vya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, lita moja ya dizeli hutoa takribani kilo 2.68 za hewa ukaa. Tani moja ya kuni kavu ina nishati ya gigajuli 15.6. Ikichomwa kiwandani hutoa karibu kilo 1,750 za hewa ukaa, pamoja na kilo 0.47 za methani na kilo 0.06 za oksidi ya naitrasi. Hizo mbili ndogo zina nguvu kubwa: ili zisomeke kama hewa ukaa, kwa vizidishi vya ripoti ya tano ya IPCC, methani huzidishwa kwa 28 na oksidi ya naitrasi kwa 265. Ukijumlisha unapata kama kilo 30 kwa kila tani ya kuni, ukiacha hewa ukaa yenyewe. Hiyo tutairudia.

Angalizo: ripoti za zamani zilizidisha methani kwa 21, baadaye 25, sasa 28. Bwawa la maji machafu ya mawese linalotoa tani 10 za methani litasomeka tani 210 kwenye ripoti ya zamani na 280 kwenye mpya, bila povu hata moja kuongezeka. Chagua seti moja, kisha rudi nyuma ukokotoe miaka yote upya.

Hatua ya 4: Jaza jedwali

Kiwanda chetu cha kubuni:

- 2012: bidhaa tani 200, dizeli lita 18,000, kuni tani 260. Dizeli inatoa tani 48.2, kuni 7.7. Jumla 55.9.
- 2018: bidhaa tani 310, dizeli lita 27,000, kuni tani 350. Jumla 82.8.
- 2024: bidhaa tani 420, dizeli lita 3,000, kuni tani 400. Jumla 19.8.

Kutoka 82.8 hadi 19.8! Meneja atataka kuitisha waandishi wa habari. Mwambie asubiri.

Hatua ya 5: Ufuate umeme ulikohamia

Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, mpaka gridi ya taifa ilipoanza kutufikia mwaka 2022. Kiwanda kikihamia gridi, bomba la moshi nyuma ya stoo linapoa, lakini umeme unazalishwa mahali fulani, na sehemu yake ni kwa gesi asilia. Tuseme mwaka 2024 LUKU inaonyesha uniti 110,000. Nikitumia kilo 0.4 kwa uniti, kwa ajili ya zoezi tu, napata tani 44. Jumla ya kweli ni 63.8. Imeshuka, ndiyo, lakini si kwa kishindo kile.

Usibebe kilo 0.4 yangu. Tafuta kiwango cha gridi cha kila mwaka husika, maana kinabadilika: bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024. Kiwanda chako kinaweza kuonekana kimejirekebisha kumbe kilichobadilika ni Rufiji.

Hatua ya 6: Rudi kwenye kuni

Kwa kanuni za kuripoti, hewa ukaa ya kuni haijumlishwi kwenye nishati. Huandikwa pembeni, na upotevu wa msitu huhesabiwa upande wa ardhi. Sababu ni kwamba mti ukiota tena huivuta hewa ileile. Sawa. Ila tani 400 za mwaka 2024 ni takribani tani 700 za hewa ukaa, mara kumi na moja ya jumla yetu yote. Kama miombo inayokatwa haipewi nafasi ya kuchipua, zile tani 700 zimebaki angani. Mimi huweka safu ya pekee yenye kichwa "kuni, pembeni" na nyingine yenye jibu la swali: zimetoka wapi? Mabaki ya ngazi (matunda ya mchikichi) na maganda ya mise yaandikwe peke yake, hayo si msitu.

Hatua ya 7: Tenganisha ukubwa na ufanisi

Kiwanda kikikua, gesi huelekea kuongezeka, na hilo si kosa. Chukua miaka miwili. Toa gesi ya mwaka wa kwanza kwenye ya mwaka wa pili, gawa kwa LN (logi asilia, ipo kwenye Excel) ya uwiano wao. Kwa 2012 na 2018: 26.9 gawa kwa 0.393, unapata 68.5. Zidisha kwa LN ya 310 gawa kwa 200, ambayo ni 0.438: tani 30. Ndiyo sehemu iliyoletwa na kukua. Mabadiliko halisi ni 26.9, hivyo ufanisi ulipunguza tani 3.1 tu. Kati ya 2018 na 2024, kwa njia hiyohiyo na ile jumla ya 63.8, kukua kuliongeza tani 22 na mengineyo yakapunguza 41, karibu yote kwa sababu ya kuacha dizeli.

Hatua ya 8: Ukipanda ngazi ya taifa

Njia ni ileile, mitego ni mikubwa. Saruji ndiyo ya kuanza nayo: kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, tangu 1966, Tanga 1980, Mbeya 1983, Dangote pale Mtwara miaka ya 2010. Kokotoa kwa klinka, yale mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, takribani tani 0.52 za hewa ukaa kwa tani moja, usikokotoe kwa saruji, kwani klinka huchanganywa na vitu vingine na nyingine huagizwa nje. Hiyo ni gesi ya mawe ya chokaa yenyewe. Mafuta ya kuchomea joko (tanuri la klinka) yanakaa upande wa nishati. Ukiviweka pamoja, gesi asilia ya Songo Songo iliyoanza kutumika mwaka 2004 haitaonekana.

Miaka isiyo na takwimu usiiunge kwa rula. Kati ya 1978 na 1986 kulikuwa na vita vya Kagera, uhaba wa mafuta na vipuri, viwanda vikifanya kazi chini ya uwezo wake. Mstari ulionyooka juu ya miaka hiyo utaficha bonde zima. Acha pengo wazi kwenye grafu, na chini yake andika umekosa nini na ulikitafuta wapi.