Kijazo cha jozi kwa mikate ya kukunja, sambusa tamu na baklava

Jozi inayozungumziwa hapa si ya viatu. Ni ile kokwa yenye mikunjo kama ubongo, ambayo muuzaji atakuelewa upesi zaidi ukimwambia walnati. Inafika Mombasa ikiwa imeshasafiri sana, na shida nyingi za kijazo zinaanzia hapo. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni mafuta, tena ya aina inayoharibika haraka ikikutana na joto, mwanga na hewa. Ongeza unyevu wa pwani, ndiyo maana kijazo kilichompendeza mtu wa nchi ya baridi kwenye video yake, kwako kinavuja na kulowesha sakafu ya mkate.

Vipimo vifuatavyo vinatosha mikate miwili ya kukunja ya unga wa ngano nusu kilo, au sambusa ndogo kama arobaini:

- jozi zilizobanguliwa, gramu 300
- sukari, gramu 100
- maziwa, mililita 120
- siagi isiyo na chumvi, gramu 40
- chenga za boflo (mkate wa dukani) kavu, gramu 50
- asali, kijiko 1 cha mezani
- mdalasini wa unga, kijiko 1 cha chai
- iliki ya unga, nusu kijiko cha chai
- chumvi, robo kijiko cha chai
- ute wa yai 1 (kwa mikate tu)

Tumia mizani. Kikombe cha jozi nzima na kikombe cha jozi zilizosagwa havilingani hata kidogo, na anayepima kwa kikombe hupata kijazo kigumu leo, kesho uji.

Hatua ya 1: Onja kabla ya kulipa

Ukiwa soko la Marikiti au duka lolote la viungo, omba uonjeshwe moja. Jozi nzuri ina utamu kwa mbali, na uchungu kidogo unaotoka kwenye ngozi. Iliyoharibika inanukia kama rangi ya ukutani au mafuta ya kukaangia yaliyokaa wiki nzima, na ladha yake inabaki kooni. Wala usijidanganye kwamba mdalasini utaifunika. Joto la oveni linaizidisha harufu hiyo.

Nunua nusu nzima hata kama utazisaga. Vipande vidogo vimekutana na hewa kila upande, kwa hiyo huharibika mapema. Yenye kuvu, hata kidoa tu, itupe. Sumukuvu haionekani na haiondoki kwa kuoka.

Hatua ya 2: Kausha kwa moto mdogo

Oveni nyuzi 160, jozi zimetandazwa safu moja kwenye trei, dakika 8 hadi 10, na uzigeuze katikati. Kwa kikaango, moto mdogo kabisa dakika 6 hadi 8 bila kuacha kukoroga. Kama unatumia jiko la makaa, punguza makaa kwanza, kwa sababu kikaango kikishika moto jozi huungua nje huku ndani bado mbichi.

Zitoe rangi inapoanza tu kukolea. Zitaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe, basi zimwage kwenye sinia baridi. Usiziache kwenye trei. Zikiwa bado vuguvugu, zifunge ndani ya kitambaa kisafi uzisugue. Ngozi itabanduka nusu au zaidi, na hiyo inatosha. Uchungu unakaa kwenye ngozi, na rangi ya zambarau inayotokea wakati mwingine kwenye mkate wa jozi inatoka humo humo. Pepeta kwa ungo, ngozi zipeperuke.

Acha zipoe kabisa, kama nusu saa. Jozi yenye joto ikiingia kwenye blenda, mafuta hutoka na unabaki na rojo.

Hatua ya 3: Saga pamoja na sukari

Chukua gramu 50 za ile sukari uisage pamoja na jozi. Sukari hunywa mafuta yanayotoka na kuzitenganisha chembe. Bonyeza blenda kwa mshindo mfupi mfupi, tikisa, bonyeza tena. Blenda ya mfululizo wa nusu dakika imeshaharibu kazi.

Kwa mkate wa kukunja, saga mpaka zifanane na suji, na robo moja ibaki kubwa kidogo ili mlaji ahisi anatafuna kitu. Kwa sambusa na baklava, ishia kwenye ukubwa wa chenga za mchele. Asiye na blenda atwange kwenye kinu kidogo, konzi moja moja. Mikono itachoka lakini mafuta hayatoki ovyo, na kusema kweli kijazo cha kinu kina mtafuno bora.

Hatua ya 4: Pika

Tia maziwa, siagi, asali na sukari iliyobaki kwenye sufuria yenye kitako kizito. Yakichemka tu, punguza moto, mimina jozi na chenga za boflo, kisha koroga kwa mwiko dakika 2 au 3 mpaka mchanganyiko uachane na sufuria na mwiko uache njia nyuma yake. Epua. Ndipo utie mdalasini, iliki na chumvi. Vikipikwa sana harufu yake inapotea.

Hatua hii wengi huiruka, wakachanganya kila kitu kikiwa kibichi na kujaza moja kwa moja. Sukari mbichi huvuta maji, kutoka kwenye maziwa na hata kwenye unga uliokandwa. Kijazo kibichi kikikaa robo saa juu ya unga kinaanza kutoa shira, na shira hiyo ndiyo inayopasua mshono na kuungulia kwenye trei. Ukikipika, sukari inakuwa imeshayeyuka na chenga za boflo zimeshashika maji yake.

Hatua ya 5: Poza, kisha pima kwa vidole

Kitandaze kwenye sahani pana kipoe. Kikiwa baridi, finyanga kidonge ukubwa wa ndimu ndogo. Kikae bila kumomonyoka wala kutandaa. Kikinata vidoleni, ongeza chenga za boflo, kijiko kimoja kimoja, na usubiri dakika 5 kabla ya kuongeza tena, maana zinachukua muda kunywa maji. Kikimomonyoka, maziwa vuguvugu kijiko kimoja cha chai.

Kwa mkate, ute wa yai unaingia sasa, umepigwa kidogo mpaka utoe povu. Ukiutia kijazo kikiwa moto utapata mayai ya kuvuruga. Kazi yake ni kushika kijazo ndani ya oveni ili mkate ukikatwa kisianguke.

Kujaza

*Mkate wa kukunja.* Sukuma unga wa hamira uwe na unene wa nusu sentimita, tandaza kijazo unene huo huo, acha sentimita 2 wazi pembeni. Kunja kwa kubana, mshono uwe chini. Baada ya kuumuka, toboa kwa kijiti cha mishkaki matundu sita au saba mpaka katikati, mvuke upate pa kutokea. Nyuzi 180, dakika 35 hadi 40. Ukikata kabla haujapoa, kijazo kitafuatana na kisu.

*Sambusa tamu.* Manda, yaani zile karatasi za unga za kufungia sambusa, hazipendi unyevu, basi hapa maziwa na ute havimo kabisa. Jozi, gramu 60 tu za sukari, viungo, na samli iliyoyeyushwa kijiko 1 cha mezani ili zishikane. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa kila manda. Funga kwa rojo la unga na uhakikishe pembe zote zimezibwa, kwani sukari ikivuja kwenye karai mafuta yote yanakuwa meusi. Mafuta yasiwe na moto mkali: jozi zimeshaiva, ni manda tu inayosubiriwa.

*Baklava.* Kijazo ni kile kile kikavu cha sambusa. Shira iwe baridi na baklava iwe moto imetoka tu kwenye oveni. Vyote viwili vikiwa moto, tabaka zinalowa na kulala.

Mahamri yaache kama yalivyo. Lazima yafure na yabaki na uwazi ndani, na kijazo kizito kinayalaza kwenye mafuta.

Kikikataa

Uwazi mkubwa kati ya kijazo na paa la mkate: kilikuwa majimaji, au hukubana wakati wa kukunja, au ulisahau kutoboa. Sakafu mbichi yenye kunata: ulijaza kikiwa vuguvugu, siagi ya kwenye unga ikayeyuka kabla ya oveni. Mafuta yametengana na yanaelea: jozi zilisagwa zikiwa na joto au zilisagwa kupita kiasi. Hilo linarekebishika, ongeza chenga za boflo gramu 20 na maziwa ya moto kijiko kimoja, kisha koroga kwa nguvu. Uchungu haurekebishiki.

Korosho badala ya jozi

Jozi ni ghali, na korosho za Kilifi na Kwale ziko karibu. Nusu kwa nusu inafaa sana. Ila korosho ina mafuta machache na wanga mwingi kuliko jozi, kwa hiyo hukaza kijazo: punguza chenga za boflo ziwe gramu 25. Nunua vipande vilivyovunjika, ni nafuu kuliko nzima na utazisaga hata hivyo. Tende nazo zinaweza kuchukua nafasi ya sukari. Gramu 100 za tende zilizotolewa kokwa na kupondwa, na maziwa upunguze kijiko kimoja cha mezani.

Kuhifadhi

Jozi ambazo hujatumia zikae kwenye friza, ndani ya chombo kisichopitisha hewa, siyo kabatini juu ya jiko. Kijazo kilichopikwa kwa maziwa hukaa kwenye friji siku 4, au friza miezi 2. Nje ya friji kisizidi saa mbili, na siku ambazo joto linapita nyuzi 32, saa moja. Umeme ukikatika usiku kucha, usikionje ili kukipima, kimwage. Ukiwa unauza, mweleze mnunuzi waziwazi kwamba ndani mna jozi au korosho, kwa sababu wapo wenye mzio unaoweza kuwaua.