Jinsi ya kuizunguka Arles kwa siku moja ukifuata watu wake

Kitu cha kwanza, usiende Arles, mji wa kusini mwa Ufaransa, kuitafuta nyumba ya njano aliyoishi mchoraji Van Gogh, haipo, iliharibiwa kwa mabomu 1944. Watu wanashuka treni wanazunguka na ramani weee mpaka wanakata tamaa. We fanya hivi: toka stesheni tembea mpaka Place Lamartine, ni karibu tu, alafu fungua kwenye simu ile picha ya nyumba hiyo aliyoichora Septemba 1888 uinyanyue mbele ya macho. Lile jengo refu la nyuma bado limesimama, ukililinganisha na picha utaona kabisa nyumba ilikaa wapi. Aliishi mji huu kama miezi 15 tu, akachora picha za rangi kama 200! Hospitali aliyolazwa baada ya kujikata sikio nayo ipo, sa hivi inaitwa Espace Van Gogh, na bustani ya uani imepandwa maua kufuata picha yake.

Ila nakuomba sana usimruke Frédéric Mistral. Nenda Place du Forum, sanamu yake iko pale katikati, kavaa kofia, koti kaliweka mkononi, watu wako bize na kahawa hawamwangalii. Huyu alizaliwa kijiji cha Maillane, sio mbali na hapo, akaandika mashairi kwa Kiprovansi, lugha ya kwao, wakati shuleni mtoto akiiongea anaadhibiwa, akaitungia na kamusi kubwa kabisa, na 1904 akapata Nobel ya fasihi kwa lugha hiyohiyo. Pesa ya Nobel akaiweka kwenye makumbusho ya Museon Arlaten, ndo maana leo unaona nguo za wanawake wa Arles, vyombo vya jikoni, vitu vya watu wa kawaida kabisa vimetunzwa. Pale tenga masaa mawili, usikimbie. Mimi mtu anayeipenda lugha ya mama yake kiasi hicho namheshimu mno.

Uwanja wa Warumi utauona tu, huwezi kuukosa. Kama unapenda mambo ya Kirumi nenda makumbusho ya mambo ya kale ukaone kichwa cha marumaru kinachosadikiwa kuwa cha Julius Caesar, wapiga mbizi walikitoa mtoni Rhône 2007.

Alafu vuka daraja uende makaburi ya Trinquetaille, amelala bibi Jeanne Calment, aliyezaliwa Arles 1875 akafariki 1997, miaka 122 na siku 164, hakuna mwenye rekodi iliyothibitishwa aliyemfikia. Akiwa na miaka 90 aliuza nyumba yake kwa mwanasheria mmoja kwa makubaliano amlipe kila mwezi mpaka bibi afe, mwanasheria akatangulia yeye 1995.

Ukiweza nenda Jumamosi, asubuhi kuna soko kubwa boulevard des Lices. Na tiketi ya kurudi usikate ya mapema, subiri giza ukae kando ya Rhône jirani na Place Lamartine, hapo ndo Van Gogh alipochora nyota juu ya mto, na stesheni iko palepale karibu.