Kumzoesha Mbwa Kizimba: Mlango Uje Mwisho

Mbwa wengi wanaokiogopa kizimba hawakukiogopa chenyewe. Waliogopa mlango uliofungwa mapema. Siku ya kwanza mbwa alisukumwa ndani, komeo likagonga, watu wakaondoka. Ukishafanya hivyo, kumrudisha humo ni kazi ya wiki kadhaa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mazoezi hufanyika mlango ukiwa wazi.

Anza na kipimo. Mpime akiwa amesimama, kuanzia puani hadi shina la mkia, kisha uongeze sentimita 10 hivi. Kimo nacho kiongeze kiasi hichohicho juu ya kichwa. Aweze kusimama bila kuinamisha shingo, kugeuka, na kulala amejinyoosha. Kwa mtoto wa mbwa, nunua kizimba cha ukubwa atakaoufikia na ukigawe kwa kizuizi ndani. Akiachiwa nafasi kubwa, atakojoa pembe moja na kulala pembe nyingine, na mazoezi ya kujizuia haja yataharibika.

Kiweke pale watu wanapokaa, mbali na jua la dirishani. Kizimba cha nyaya kifunike juu na pande tatu kwa kitambaa chepesi, mbele pabaki wazi ili hewa ipite. Mbwa wenye pua bapa hupata joto upesi, kwa hiyo kwao afadhali usifunike kabisa kukiwa na joto. Tikisa kizimba kwa mkono: trei ya chini ikigongana na nyaya, weka mkeka katikati. Kelele hiyo ndogo huwashtua mbwa wengi, na mwenye mbwa hubaki kujiuliza kosa liko wapi.

Sasa funga mlango kwa kamba ukiwa wazi, usije ukamgonga. Tupa vijipande vya chakula anachokipenda: karibu na kizimba, mlangoni, halafu ndani. Usimwite wala usimsukume. Akichukua cha mlangoni na kurudi nyuma, hiyo inatosha kwa zamu hiyo. Dakika 5, mara tatu au nne kwa siku, zinafaa kuliko saa nzima mfululizo. Akianza kuingia mwenyewe, anza kutaja neno moja kila anapoingia, na usilibadilishe.

Baada ya hapo mlishe humo. Bakuli likae mlangoni kwanza, kisha lisogee nyuma mlo hadi mlo. Akila mwili wote ukiwa ndani na bila wasiwasi, funga mlango akiwa katikati ya kula, na ufungue kabla hajamaliza. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanangoja bakuli liishe, mbwa anageuka na kukuta njia imezibwa. Mlo unaofuata ongeza sekunde chache, hadi akae dakika 10 baada ya kula. Akianza kukwaruza, umeruka hatua. Rudi kwenye muda aliouweza.

Ndipo uanze kuondoka: simama, zunguka chumba, toka asikuone kwa nusu dakika, urudi bila shangwe. Changanya muda mrefu na mfupi. Ukiongeza tu kila mara, ataanza kuona kwamba kila zamu ni ngumu kuliko iliyopita. Kichezeo cha mpira kilichojazwa chakula na kugandishwa humshughulisha katika zile dakika za mwanzo, ambazo ndizo ngumu zaidi. Mvue mkanda wa shingoni kila anapoingia, maana unaweza kunasa kwenye nyaya na kumnyonga.

Mtoto wa mbwa huhesabiwa umri wake kwa miezi, ukaongeza moja, ukapata saa za juu kabisa anazoweza kujizuia mchana: wa miezi 2, saa 3. Hicho ni kikomo tu, si lengo. Mbwa mzima asipitishe muda wa saa 4 au 5 humo mchana bila kutolewa.

Akilialia usiku, jiulize kwanza kama ana haja. Mtoe kimyakimya, akojoe, arudi kulala, bila mchezo. Kama ni kudeka tu, subiri anyamaze hata sekunde 3 ndipo umfungulie. Kizimba kikiwa kando ya kitanda, usumbufu huu hupungua sana. Akichafua humo, safisha kwa dawa ya vimeng'enya, yaani inayovunjavunja mkojo. Dawa zenye amonia hunukia kama mkojo na humrudisha palepale.

Lakini kulialia si sawa na hofu kuu. Mbwa anayetokwa na udenda hadi kifua kulowa, anayeng'ata vyuma mpaka fizi zitoke damu, au anayevunja kucha akitafuta njia, mtoe mara moja. Huenda anaogopa kubaki peke yake, na kumfungia huzidisha tatizo hilo. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo, na kizimba kibaki wazi.