Blita ya Amiga iko moja, programu ziko nyingi: namna ya kuitumia bila kugandisha mashine

Wadau wa Arusha na Moshi mnaochezea Amiga, ile kompyuta ya zamani ya Commodore, kwenye emuleta (programu inayoiga mashine; mashine yenyewe kuipata huku ni mtihani), ngoja niwape hili la blita, maana mafunzo mengi ya zamani yanatoka kwa watu wa magemu, na wale jamaa wanazima mfumo wote afu wanaandika kwenye rejista (sehemu za chipu za kuipa amri) wanavyotaka. Gemu inayobuti yenyewe kwenye diski sawa, haina jirani. Ila programu ya kukaa Workbench (eneo-kazi la Amiga) na wenzake ukiifanyia hivo umeharibu.

Amiga ilitoka 1985 na tangu siku ya kwanza inaendesha programu nyingi kwa pamoja. Blita, ile sehemu ya chipu ya Agnus inayonakili picha, kujaza maumbo na kuchora mistari, ni moja tu, na mfumo wenyewe unaihitaji muda wote, ukisogeza dirisha ni blita, maandishi yakitokea ni blita. Ukiingia katikati bila hodi picha inachanika, au blita inamwaga data juu ya memori ya mtu mwingine.

Kwanza jiulize kama kweli unahitaji kugusa rejista. Funkisheni za mfumo kama BltBitMap (kunakili picha) na RectFill (kujaza mstatili) zinajipangia foleni zenyewe na kwa kazi nyingi zinatosha kabisa, mimi ningeanzia hapo.

Ukiona hazitoshi, andaa kila kitu KABLA hujaishika blita: anwani, maski (biti zipi zipite), moduli (baiti za kuruka mwisho wa kila mstari), ukubwa, na hakikisha data umeiombea MEMF_CHIP (memori inayofikiwa na chipu za picha) kwa sababu blita haioni Fast RAM, memori ya prosesa peke yake, hata kidogo. Ndo uite OwnBlitter, funkisheni ya kuishika blita peke yako. Hiyo ikirudi maana yake zamu ni yako, lakini kazi ya aliyekutangulia inaweza kuwa bado inamalizikia, kwa hiyo ita WaitBlit (inasubiri blita imalize) kabla hujagusa rejista yoyote, na uiite tena kila kabla ya kuanza kazi inayofuata. Hapa ndo wengi wanapotelezea. BLTSIZE, rejista ya ukubwa, iandike mwisho, ukishaiandika tu blita inaondoka. Ukimaliza, iachie kwa DisownBlitter, usichelewe.

Na usijitengenezee kitanzi chako cha kuchungulia biti ya 14 ya DMACONR, rejista inayoonyesha kama blita bado ina kazi. Agnus za mwanzo zina hitilafu, ukisoma mara moja tu inaweza kukudanganya kwamba blita imemaliza wakati ndo kwanza inaanza. WaitBlit inalijua hilo.

Sasa katikati ya OwnBlitter na DisownBlitter usiite kitu kingine cha mfumo kinachochora. Hata printf ya kutafuta kosa! Maandishi yanahitaji blita, blita umeishika wewe, wewe unasubiri maandishi, basi hapo mtasubiriana mpaka uzime mashine. Ni sawa na mtu kuteka mashine ya kusaga pale Unga Limited afu anakaa mlangoni anasubiri unga wa jirani ambaye yupo nyuma yake kwenye foleni. Kwenye Kickstart 1.3 (toleo la zamani la mfumo ulio kwenye ROM) hata kusoma diski kunapitia blita, so usifungue faili humo. Na OwnBlitter usiite mara mbili mfululizo, haihesabu, utajisubiri mwenyewe.

Kabla ya kurudisha memori kwa FreeMem, ita WaitBlit hata kama ulitumia BltBitMap tu, kwa sababu BltBitMap inaweza kurudi huku blita bado inaandika humohumo.

Kazi ndogondogo nyingi? Angalia QBlit, unampa mfumo foleni na yeye anaziendesha mwenyewe, ila kuandika ile funkisheni yake kunachosha kidogo.

Mwisho kwa wenye WinUAE (emuleta ya Amiga ya Windows): kwenye mipangilio yake zima Immediate Blitter na Wait for Blitter wakati unajaribu. Ukiziacha, blita inamaliza papo hapo au inasubiriwa bila wewe kuomba, WaitBlit uliyoisahau haitaonekana, utajua kila kitu kiko poa mpaka atakapoiendesha mtu mwenye Amiga 500 halisi.