Kumchagulia Mbwa Aliyechoshwa na Upweke Vitu vya Kuchezea na Kutafuna

Mbwa anayeshinda bandani mchana kutwa, akichimba mashimo na kubweka ovyo, mara nyingi si mkaidi bali amekosa kazi, na kazi aipendayo sana ni kunusa na kutafuta chakula. Chagua mpira mgumu wenye uwazi ndani, mkubwa kiasi kwamba hawezi kuumeza, uushindilie ubwabwa uliochanganywa na dagaa wasio na chumvi, kisha uugandishe kwenye friza. Utamwona akiushika kwa miguu ya mbele na kuulamba taratibu. Asiye na mpira huo aviringishe chakula kikavu ndani ya taulo kuukuu, njia ambayo naiona inafaa vilevile, mradi awe karibu kumwangalia asije akameza kitambaa.

Kitu cha kutafuna kiwe kinabonyea ukikikandamiza kwa ukucha, kwa kuwa kigumu zaidi ya hapo huweza kumvunja meno. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, usimpe kamwe, maana hupasuka vipande vikali vinavyoweza kumtoboa utumbo. Chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwake. Vitafunwa visizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku.